Flati Inafikiri, Goli Limeshaingia

Hasara ya kwanza ya flati ni kabati. Kabati letu la TV lilichongwa na fundi seremala wa mtaani enzi ambazo umbo la TV lilijulikana: uso mbele, chogo nyuma, na kina cha kumficha mtoto wa chekechea. Fundi alipima TV ya inchi 21, akaacha nafasi katikati, pembeni akaweka rafu za glasi za wageni. Flati niliyoitoa Kariakoo ni ya inchi 32. Kwa wembamba ingeingia hata na mwenzake. Kwa upana haikuingia hata kwa kuibembeleza. Mama akaitazama ilivyoegemea ukutani, akasema, "Umenunua mlango, mwanangu."

Nieleze kwa wasiowahi kuishi nayo: TV ya chogo haikuwa TV peke yake. Ilikuwa meza. Juu yake kilitandikwa kitambaa cha kufuma cha mama, juu ya kitambaa maua ya plastiki, pembeni picha ya harusi ya dada, na jioni, ikishapata moto, paka. Ilikuwa pia shahidi. Mama akirudi sokoni hakuuliza nani alikuwa anaangalia TV saa za kusoma. Alipitisha mkono chini ya kitambaa, akapapasa, na hukumu ikatoka hapohapo. Flati inapoa kabla hujamaliza kuficha pedi. Mpwa wangu aliligundua hilo mapema, na tangu hapo amekuwa mtetezi mkubwa wa teknolojia mpya.

Mama hakukubali kitambaa kikose kazi. Juu ya flati pana upana wa vidole viwili, naye akakitandika hivyohivyo, nusu ikaning'inia nyuma, nusu mbele. Tukawa tunatazama taarifa ya habari mtangazaji akiwa amejitanda ushungi wa nyuzi nyeupe, na mtangazaji mwenyewe mwanamume. Kwenye Winning Eleven, ambako magoli na dakika huandikwa juu ya skrini, ikabidi tucheze bila kujua nani anaongoza. Kwa upande wangu halikuwa jambo baya.

Maana sikuinunua flati kwa ajili ya habari. Kwa habari chogo ilitosha. Hata usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na watu mtaani wakaanza kuyaandalia machogo matanga, yetu ilichomekewa king'amuzi ikaendelea na kazi. Flati ilikuja kwa ajili ya PlayStation 2. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na moja kati ya hizo iko sebuleni kwetu, mfuniko wake ukishikiliwa na raba. Hoja ilikuwa nyepesi: kioo kikubwa, uwanja mkubwa.

Waya zikaingia bila ugomvi, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu. Picha ikatokea. Wachezaji wote walikuwa wamenenepa.

Mabeki walikuwa na viuno vya wazee wa kamati ya harusi, na mpira ulikuwa umelala ubavu. Chogo hupima 4 kwa 3, flati 16 kwa 9. Ukiipa flati picha ya 4 kwa 3 haikubali kuacha nafasi tupu pembeni, inaivuta mpaka ijae. Mpwa alisema tuwaache, huenda wametoka likizo.

Tulipowakondesha kwa rimoti ndipo tukaanza kuziona sura zao. Chogo hupaka picha kwa miale. Nyuma kabisa, kwenye shingo ya lile chupa kubwa la kioo, mna mitutu inayotema elektroni. Umeme wa zaidi ya volti 20,000 huzisukuma mpaka zigonge unga wa fosfa uliopakwa ndani ya kioo cha mbele, nao unang'aa. Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la namna hiyo mwaka 1897, na tangu TV ziingie majumbani, familia zenye heshima zao zimekaa mbele ya mitutu hiyo zikila chakula cha jioni. Rangi inayopakwa hivyo haina kingo kali. Nukta moja humwagikia kidogo jirani yake, na waliochora magemu ya zamani walikuwa wanalitegemea jambo hilo. Flati haina huruma hiyo. Yangu ina nukta 1366 kwa 768, zimepangwa, hazisogei, na kila moja lazima ipewe kazi. PS2 haina picha ya kuzitosha zote, kwa hiyo flati inajibunia zilizopungua. Kipa niliyemfahamu kwa miaka kuwa kijana mtanashati nikamkuta ana uso wa vigae na kidevu cha ngazi.

Hayo yote yanasameheka. Kinachonishinda ni kwamba flati inafikiri.

Chogo haikuwa na ubongo, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kuu. Ishara ikiingia kwenye waya, mitutu iko tayari inaipaka. Ilikuwa inadanganya kuhusu sura za watu, lakini ilidanganya papo hapo. Flati ni mkweli mzito. Inapokea picha, inangoja mistari ya witiri iungane na mistari ya shufwa, inaivuta, inailainisha, inairemba rangi, halafu ndiyo inakuonyesha. Kwa TV nyingi za wakati ule shughuli hiyo ilikula milisekunde 50, 100, hata zaidi. PS2 ya mfumo wa PAL hutuma picha 50 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 20. Ukicheleweshwa milisekunde 100, unatazama mechi iliyokuwapo picha tano zilizopita. Kwa tamthilia si neno, yule mama wa kwenye tamthilia atalia tu, na machozi yakichelewa hakuna atakayejua. Lakini ndani ya boksi?

Winga wa mpwa aliingia. Nikabonyeza nimkabe. Beki wangu akasimama, akatafakari. Winga akapita, akapiga, nyavu zikatikisika, ndipo beki akateleza kwa ufundi mkubwa, akasafisha nyasi tupu, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala mpira. "Mjomba, umebonyeza?" aliniuliza mpwa kwa upole wa kuudhi. Ni kweli kwamba na yeye alikuwa anatumia flati hiyohiyo, yenye uchelewaji uleule, hoja ambayo aliirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wala malalamiko haya si ya kwetu tu. Huko Marekani wapo wachezaji wa Super Smash Bros. Melee, gemu la mwaka 2001, ambao mashindano yao bado hufanyika kwenye machogo. Yanabebwa mpaka ukumbini, na chogo ya inchi 21 ina kilo 20 na ushee. Mtu mwenye akili timamu habebi mzigo huo kwa sababu ya kumbukumbu tamu.

Dawa ipo. Kwenye menyu ya flati kuna mahali pa kuiambia iache kujiremba, modi ya gemu, na ukiiwasha TV inaruka sehemu kubwa ya shughuli zake. Kazi ilikuwa kupafikia. Mpwa katika kubonyezabonyeza rimoti alikuwa amebadilisha lugha ya menyu, na kwa kuwa bidhaa nyingi za Kariakoo hupitia Dubai, aliangukia Kiarabu. Menyu ikahamia upande wa pili wa skrini, mshale wa kwenda mbele ukawa unarudi nyuma. Nyumbani kwetu anayezijua herufi hizo ni mama peke yake, tangu madrasa ya utotoni Tanga. Akaletewa kiti, akavaa miwani, akaanza kuisoma menyu ya TV kwa tajwidi.

Tulikaa kimya kwa adabu. Alisoma mwangaza, akasoma sauti, akasoma mipangilio ya stesheni, akivuta panapovutwa na kusimama panaposimamwa. Maana ya mengi hakuijua, wala sisi. Katikati ya orodha akanyamaza, akaweka kidole hewani.

"Hili nalijua. Tulifundishwa darsani. Ni mchezo." Akashusha miwani, akatuangalia mmoja mmoja. "Na halikutajwa kwa sifa."

Nikabonyeza kabla hajaendelea.

Uchelewaji ukapungua, haukuisha. Rangi zikapauka. Mpira nao ukaota mkia, maana picha ya flati hutokana na fuwele za kimiminika zinazojisokota ili kupitisha au kuzuia mwanga wa taa za nyuma, na fuwele za TV ya bei nafuu hujisokota kwa starehe zao. Tena zinataka kutazamwa ana kwa ana. Aliye kwenye kochi anaona jua la saa nane mchana, aliye kwenye mkeka anaona magharibi. Watoto wa jirani, ambao enzi za chogo walijaa mkekani bila ubaguzi, sasa wote wamehamia kwenye kochi, na mwenye nyumba yuko chini anacheza mechi za usiku.

Msiba mkubwa ulikuwa wa bunduki. Tuna mashine ya zamani ya kaseti yenye bunduki ya plastiki, na ndani yake Duck Hunt, gemu la Nintendo la mwaka 1984, la kuwinda bata. Ukifyatua, skrini nzima hugeuka nyeusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa, kisha pale alipo bata hutokea mraba mweupe. Ndani ya mtutu kuna jicho dogo linaloutafuta mwanga huo. Likiuona, bata anaanguka. Kwa chogo mraba unakuja kwa wakati wake. Kwa flati unakuja jicho likiwa limeshakata tamaa. Mama, ambaye kwenye chogo alikuwa haachi bata, alifyatua akiwa kwenye kiti, akasogea, akafyatua akiwa amesimama, mwishowe akagusisha mtutu kwenye kioo chenyewe, kikatoa mawimbi ya rangi kama mafuta ya taa kwenye dimbwi. Bata wakaenda zao. Akainuka yule mbwa wa kwenye gemu, ambaye humcheka kila anayekosa, akamcheka mama yangu, mwanamke mtu mzima, aliyetoka kusoma kwa tajwidi.

"Huyu mbwa ahame," alisema mama, "au chogo irudi."

Bahati mbaya siku hiyohiyo mwenye kibanda cha gemu cha mtaa wa pili alikuwa amekuja kuikagua chogo, iliyowekwa ukumbini chini, kitambaa na paka vikiwa vimeshajirudia vyenyewe. Aliiwasha bila sauti akatega sikio. Chogo nzima hutoa mlio mwembamba sana, kwa sababu huchora mistari 15,625 kila sekunde, na vijana wa umri wake bado wanausikia. Mimi nimeshauaga.

"Nzima," alisema. "Ila msije mkaifungua nyuma, kaka. Hata ukichomoa waya, umeme unabaki." Akaizunguka mara nyingine, akasikitika. "Tatizo machogo hayana soko siku hizi."

"Sasa unaitakia nini? Si ununue flati?"

"Wateja wangu hawanilipi ili wasubiri, kaka."

Akataja bei ambayo haikutosha hata nauli ya kuirudishia flati Kariakoo, akaongeza mechi za bure kwa watu wa nyumba hii, siku yoyote, mpaka chogo ife. Nikafungua mdomo nibishane. Mpwa alikuwa ameshakubali, ameshampa mkono, ameshamwondoa paka.

"Na bata?" mama akauliza kutoka sebuleni, akija, bunduki bado mkononi.

Mwenye kibanda akamtazama yeye, akaitazama bunduki.

"Bata nao, mama. Bata nao wapo."