Simama Hapo Hapo!

Jamani, nani aliamua kwamba picha moja haitoshi? Zamani ulikuwa unapiga, mlima ukikatika umekatika, watu wanaelewa. Siku hizi mpwa wangu ananitazama kwa huruma. "Anko, ukifika Matema usipige moja. Piga panorama, uziunge." Nikasema sawa. Ningesemaje na mwenye simu nzuri ni mimi?

Maelekezo yenyewe haya. Simu unaisimamisha wima. Unapiga kipande, unageuza kidogo, unapiga kingine. Kila kipande kimlalie mwenzake kama theluthi moja, ili programu ipate pa kuungia. Halafu inashona yenyewe. Eti hivyo tu.

Matema mnapajua? Kyela kule, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ukitazama maji, kushoto kwako Milima ya Livingstone imeinuka hapo hapo ufukweni, inapita mita 2,000. Kulia jua linazama. Katikati ziwa. Sasa hapo unapiga nini, unaacha nini?

Mwanga ndio ulioanza kunitesa. Simu ikiona jua, inafumba jicho, mlima mweusi tii. Ikiona mlima, inafumbua, jua linakuwa doa jeupe. Ukiiachia iamue, kila kipande kinakuja na mbingu yake. Nikampigia mpwa. "Anko, umefunga mwanga?" Nifunge mwanga, mimi fundi umeme? "Gusa mlima kwenye kioo, kidole usitoe mpaka kije kikufuli." Kikufuli kikaja. Haya.

Bado stendi. Sina. Na mpwa kakataza nisizunguke na mikono nimeinyoosha: simu ndiyo izunguke papo hapo, la sivyo vya karibu vinahama na vya mbali vinabaki, programu inachanganyikiwa. Pembeni mke wangu kaweka chungu chake kipya cha Wakisi. Wale mama wa Ikombe wanafinyanga kwa mkono. Kitako cha mviringo. Nikakikalisha mchangani, nikakijaza kanga, simu nikaichomeka juu. Kinazunguka, usiombe!

Basi baba mzima nimepiga magoti ufukweni, jua linazama, nazungusha chungu taratibu huku nahesabu kwa sauti. Watoto wakajaa. "Shikamoo babu. Unapiga ramli?" Babu! Mama mmoja akasogea kwa adabu zote, akaniuliza kama naweza kumwangalizia mbuzi wake aliyepotea tangu juzi.

Na hiyo panorama inataka dunia nzima isimame. Nani asimame? Jua la huku kwetu halina staha, linashuka wima, ukifunga kamba ya kiatu limekwenda. Kivuli kinaukwea mlima kutoka chini, ile dhahabu inakimbilia kileleni, wewe uko kipande cha pili. Mawimbi yanakuja na kurudi. Mzee mmoja anapita na mtumbwi. Nikapaza sauti, "Shikamoo mzee wangu! Simama hapo hapo!" Akaitika vizuri tu. "Marahaba. Nisimame juu ya maji?" Akaendelea kupiga kasia. Mke wangu naye akaona chungu kinazunguka. "Baba Neema! Chungu changu!" Akainuka kushoto, akavuka mbele ya simu, akatokea kulia.

Programu ikashona. Mitumbwi miwili, mmoja una mzee, mwingine unajiendea. Ziwa limepinda, eti kwa sababu chungu kiliinama. Mawimbi yamekatwa na mkasi. Mke wangu yupo mara mbili, kushoto hana kichwa. Mlima peke yake ndio ulionisikiliza.

Nikaipeleka studio, nilitaka bango la sebuleni. Kijana akaivuta kwenye kompyuta, akaivuta, haiishi. "Bro, frem ya urefu huu hakuna. Labda ukachonge kwa seremala." Watu wawili wa foleni wakasogea kuangalia. "Halafu hawa mama ni mapacha? Huyu kichwa vipi?" Nikauliza bei. Akaitaja. Nikakohoa. Akaniangalia viatu.

"Basi kwa hela uliyonayo nikutolee pasipoti saizi. Nimtumie mama yupi?"

"Mwenye kichwa."

Akamkata. Livingstone yote akaifuta, ziwa akalifuta, machweo akayafuta, nyuma akamwagia bluu. Nne kwa bei ya mbili.

Mke wangu kafurahi, sijapata kuona. Anasema tangu nimuoe hii ndiyo picha ya kwanza nimempiga ikatoka. Moja kashaibandika kwenye fomu ya kikoba, na sasa wenzake wa kikoba wananitafuta niwapige na wao, nije na chungu.