Sanduku la Maoni

Ukipita Bariadi msimu wa pamba, ukamkuta wakala wa M-Pesa chini ya mwavuli akimhesabia mkulima noti zake, usidhani huduma ile ilibuniwa na wakurugenzi kikaoni. Mwenye wazo, Nick Hughes, alikuwa mwajiriwa tu wa kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza. Wazo lake la kupitisha mikopo midogo kwenye simu lisingefua dafu mbele ya miradi minono ya kampuni, basi akaenda kuomba kwenye mfuko wa serikali ya nchi yake. Mwaka 2003 akapata karibu pauni milioni 1, kwa sharti kwamba kampuni nayo ichangie. Yaani tajiri alichangiwa ili akubali kutajirika! Kwenye majaribio huko Kenya wateja nao wakajiongeza, wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Huduma ikazinduliwa Kenya 2007, ikaja kwetu Tanzania 2008, na leo kila mkubwa anaisimulia kama mtoto aliyembeba mgongoni.

Sisi Simiyu tuna utaratibu wa kupokea mawazo kama hayo. Fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba akizuia mkanda wa mashine usichomoke kwa kipande cha mpira wa baiskeli, anapewa barua ya kujieleza. Mpira wenyewe hauondolewi, ng'o! Akiwa na wazo jingine, alitumbukize kwenye sanduku la maoni pale getini. Lina kufuli zuri sana. Ufunguo anao meneja, na meneja yuko Dodoma, kwenye semina ya ubunifu.