Maombi ya kuhamishwa rafu

Wahariri,
Mfumo wa Desimali wa Dewey,
OCLC, Dublin, Ohio,
Marekani.

Ndugu Wahariri,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, hatujambo. Vitunguu saumu vimestawi, ng'ombe wananyonyesha, na Mlima Hanang bado uko palepale ulipokuwa kabla ya kupewa namba. Hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kuomba kuhamishwa rafu maktabani. Hatuombi ardhi. Hiyo tuliiombea kwingine, na majibu yake yamo katika kumbukumbu za Mahakama ya Rufani, tutafika huko. Kwenu tunaomba namba tu, na namba, kwa tunavyoelewa, hazilimwi.

Kwa faida ya walio wageni kati yenu: mwenye pikipiki nzima anaweza kuondoka Kainam asubuhi akiwa amesalimiwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi yenye undugu na Kisomali na Kioromo. Akielekea Basotu na Katesh atakutana na Wabarabaig wanaosema Kidatoga, ambacho ni Kiniloti. Akishuka bonde la Yaeda atasikia Kihadza, chenye midoko yake, ambacho wanaisimu wengi wamekitafutia ndugu duniani wakamkosa. Na njia nzima atauziwa chai na Wanyiramba na Wanyaturu, Wabantu hao. Profesa wa lugha akifika huku hujishika kichwa kwa furaha. Sisi tunaita hali hiyo siku ya gulio.

Sasa tuone mlivyotupanga. Kiingereza mmekipa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitaliano 450, Kihispania 460. Kilatini, ambacho leo hakuna mama anayembembelezea mtoto, kina 470 yake na bado kina nafasi ya kunyoosha miguu. Kigiriki 480. Kisha dunia yote iliyobaki, kuanzia Beijing na Makka hadi Dongobesh, mmeibananisha kwenye 490 kama abiria wa mwisho kwenye Noah ya jioni. Kiswahili, ambacho tangu 2021 UNESCO imekitengea siku yake ya tarehe 7 Julai, kimeangukia 496.392. Lugha za Kikushi ziko 493.5, za Kiniloti 496.5, na Kihadza kimezoea kusukumwa 496.1 kwa kosa la kuwa na midoko. Hatulalamiki sana. Desimali haina mwisho, na mradi nukta ipo, Mwafrika atapata pa kusimama.

Katika dini mmekuwa wakarimu zaidi. Ukristo mmeupa karibu 200 yote, hadi 289. Uislamu na wafuasi wake wa duniani kote wakapewa 297. Looa wa Wairaqw, ambaye ni jua na ni mama, na Aseeta wa Wadatoga, wameelekezwa 299.6, dini zilizoanzia kwa Waafrika weusi, chumba cha uani karibu na mlango wa nyuma. Wengi wetu huku ni Wakatoliki na Walutheri siku hizi, kwa hiyo nafsi zetu zimeshapandishwa daraja. Ila wazee wanauliza: jua nalo limepangishwa?

Kuna na jambo la bibi. Homer wa Ugiriki, ambaye kwa taarifa tulizonazo alikuwa mtu wa kusimulia kwa mdomo, anakaa 883, fasihi. Bibi yangu, msimuliaji wa mdomo vilevile, anakaa 398.2, ngano. Tofauti yao ni kwamba Homer hakuwahi kusimulia huku anapura ngwara. Na slufay je, ile ambayo mzee wa Kiiraqw anatamka na baraza zima linaitikia, sala na ushairi na siasa kwa pumzi moja? Niliuliza katika maktaba moja ya mji ambao sitautaja. Mkutubi, kijana muungwana sana, aliangalia dari, akaangalia kompyuta, kisha akanielekeza kwenye mila na desturi, 390, jirani na vitabu vya mapambo ya harusi.

Najua mtasema mfumo ni wa zamani na mwenyewe ameshajiendea. Aakoo Melvil Dewey, na neno hilo kwetu ni la heshima kwa babu, aliutoa mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44, na mwaka huohuo akashiriki kuanzisha Chama cha Wakutubi wa Marekani. Klabu yake ya Lake Placid haikupokea Wayahudi wala watu weusi, na malalamiko ya Wayahudi yakachangia kumng'oa kwenye kiti cha mkutubi wa jimbo la New York mwaka 1905. Mwaka 2019 chama hichohicho kikaliondoa jina lake kwenye nishani. Tunakipongeza. Jina limetoka kwenye nishani likabaki kwenye rafu, na rafu ndiyo anayoiona mtoto wa Haydom, nishani haioni.

Alifariki Desemba 1931. Juni ya mwaka huo Nairobi palikuwa pamefunguliwa Maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe, kwa ajili ya Wazungu tu. Ikaendelea hivyo mpaka 1958. Kwa miaka 27 simba wale ndio Waafrika pekee walioruhusiwa kukaa mlangoni bila kushika ufagio.

Msidhani sisi ndio wa kwanza kuomba uhamisho. Dada yetu Dorothy Porter, aliyekuwa mkutubi Chuo Kikuu cha Howard tangu 1930, alikuta maktaba zikizoea kuwasukuma waandishi weusi kwenye namba mbili: 325, ukoloni, na 326, utumwa. Ukiandika mashairi ya mapenzi na ngozi yako ni nyeusi, umeandika kuhusu ukoloni. Yeye hakuandika barua kama hii yenye salamu ndefu. Alikataa, akampanga mshairi kwenye ushairi na mwanahistoria kwenye historia, kazi ikaendelea.

Tunasikia huko kwenu kuna mabishano makali, upande mmoja ukisema haki ya rangi itaua uhuru wa maoni, mwingine ukisema uhuru wa maoni ni kichaka cha wabaguzi. Ruhusuni Yaeda itoe ushahidi. Daktari wa Kijerumani Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Nazi, alipiga kambi kando ya Ziwa Eyasi miaka ya 1930. Akachimba mabaki ya mafuvu ya kale, akaandika hadithi za Wahadza. Mwaka 1956 hadithi zikatoka kwa Kijerumani, katika kitabu kiitwacho Das Zauberhorn. Je, kitabu cha mtu wa namna hiyo kifungiwe? Hapana, kabisa. Tunataka kiletwe. Kifike Yaeda Chini kikiwa kimefasiriwa, wazee wakae chini ya mbuyu wasikilize walichosema babu zao, waseme hapa mzungu alipatia, hapa aliongopewa makusudi, hapa alisinzia. Kisha maneno yao nayo yachapwe, yapewe namba, yakae rafu moja na kitabu chake, yasitupwe tarakimu nne mbele. Uhuru wa maoni tunaoufahamu ni baraza ambamo aliyetajwa ana zamu ya kujibu. Ninyi mmetupa ule ambao mmoja anasema kwa miaka 90 na mwingine anahifadhiwa.

Wakati tunasubiri, maarifa juu ya Wahadza hayajalala. Mwaka 2014 vijidudu vya matumbo yao vilipata makala katika jarida la Nature Communications. Vijidudu vina makao yao rasmi 579, katika sayansi. Wenye matumbo wamebaki 305.8, makabila. Na mtoto wa Kihadza akiingia darasani anafundishwa kwamba binadamu wa zama za mawe waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda. Waliishi. Baba yake ameondoka alfajiri na upinde, jioni atarudi na asali akiwa zama za mawe.

Nisiwaonee ninyi peke yenu. Hata sisi Wairaqw tukiwa kilabuni tuna majina ya kuwaitia majirani, hayachapiki, na hatukuyasoma kwa Dewey.

Sasa ile habari ya ardhi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano Hanang, yakafikia ekari zipatazo 100,000 za malisho ya Wabarabaig. Kuna usemi mnaoupenda kwenye ufunguzi wa semina, kwamba mzee wa Kiafrika akifa ni maktaba imeungua. Tunaomba usitumike tena Hanang. Wazee wetu hawaungui. Mzee mwenye heshima wa Kibarabaig huzikwa kwenye bung'eda, kilima cha kaburi kinachojengwa na kutunzwa kwa miezi, na ukoo mzima unajua kiko wapi. Trekta ndilo halikujua.

Watu wa kijiji cha Mulbadaw, Hanang, wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu Arusha ikawapa ushindi. NAFCO ikakata rufani, na katika uamuzi wa 1985 Mahakama ya Rufani ikaona, pamoja na mengine, kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria ambayo Mwingereza aliitunga mwaka 1923. Mwaka 1987 serikali ikamalizia kwa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji kadhaa vya Hanang.

Hapo ndipo tulipoanza kuwaheshimu ninyi wa Ohio. Maktabani hakuna aliyewahi kutuomba ushahidi. Mnatupa 305.8, mnatupa 390, mnatupa 299.6: wenyeji kutoka utosini hadi kwenye ukucha, wenyeji kuliko mahali penyewe. Mahakamani tukawa watu wasiojulikana walikotoka. Laiti wakili angebeba katalogi! Mwaka 1996 mtafiti Charles Lane aliisimulia habari hiyo vizuri katika Pastures Lost, kwa Kiingereza. Wabarabaig waliomsimulia yeye hawajapata toleo wanaloweza kulikosoa.

Mtauliza serikali yetu inafanya nini. Inafanya kazi nzuri. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, ili kulinda mila na maadili yetu. Tuliipekua orodha kwa moyo wa kudunda tukitafuta kitabu cha watoto cha Kidatoga au Kihadza. Hakikuwemo hata kimoja; ili kitabu kifungiwe, sharti kwanza kiwepo. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza lugha za jamii zifanyiwe utafiti na zichapishwe, nasi tumetii: kamusi ya Kiiraqw ipo, ya mwaka 2002, na mmoja wa waandishi wake ni Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Imechapwa Köln, maana zake ziko kwa Kiingereza. Redioni nako kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Slufay ikitaka kwenda hewani, itafute kwanza kozi ya lugha.

Basi ombi letu ni hili. Kamati yenu ya sera ya uhariri ina wajumbe kutoka nchi kadhaa. Tunaomba kiti, cha plastiki kinatosha, tutakuja nacho. Kama haiwezekani, turuhusuni tujaribu mpango wetu wa muda katika wilaya hizi mbili: Kiiraqw 420, Kidatoga 430, Kihadza 440 yote peke yake kwa kuwa hakina ndugu wa kubanana naye, Kinyaturu na Kinyiramba 450, Kiswahili 460. Lugha nyingine za dunia 490. Kiingereza tumekitafutia mahali pazuri penye hewa, 496.392. Kikizidi kukua tutakiongezea tarakimu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa 305.8,
Mbulu na Hanang.

Nakala:
Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa taarifa.
Wizara ya Elimu, kwa ukaguzi wa maadili.
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: barua imeandikwa kwa Kiswahili, hivyo ni ruksa kusomwa redioni.