Sina Mengi, Ila…

Ukitaka kujua Waswahili ni watu wa adabu kiasi gani, andika hadithi mbovu kisha uwasomee. Hakuna atakayekuambia ni mbovu. Watakupa pole ya kazi, watakusifia mwandiko ingawa umepiga chapa, watakuulizia wazazi, na mwenye uchungu zaidi atakuombea dua. Watu hao hao, mpira ukiisha, wanamchambua kocha mpaka soksi. Harusini wanajua wali umekosa chumvi kabla sinia halijatua. Uhakiki tunao tele. Kinachotushinda ni kuufanya huku mwenye kosa ameketi mbele yetu, anatutazama, na jana katuchangia msiba.

Nasema haya nikiwa mwanachama hai, tena niliyelipa ada, wa kikundi cha waandishi hapa Tanga. Tunakutana Jumamosi alasiri Ngamiani, katika darasa la chekechea ambalo mwenyewe anatuazima bure kwa sharti la kutogusa chaki za rangi. Viti ni vya watoto wa miaka minne. Ukikaa, magoti yanakuja usawa wa kidevu, na si rahisi kumkosoa mtu mzima kwa mamlaka ukiwa umekunjika hivyo, ukutani nyuma yako kuna picha ya bata na maandishi ya a, e, i, o, u. Mwenyekiti wetu ni mtu wa kimo na kiuno. Akishakaa, kumtoa kwenye kile kiti ni kazi ya watu wawili, ndiyo maana vikao vyetu havina mapumziko.

Katiba ya kikundi inasema lengo letu ni kusomeana kazi na kukosoana ili tuboreke. Tatizo liko kwenye ajenda. Kikao hufunguliwa kwa dua, halafu kwa sala, maana tupo wa dini zote. Zinafuata kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo Katibu huzisoma zote pamoja na udhuru wa waliokosa. Yanakuja yatokanayo. Inakuja michango: rambirambi, harusi, mwanachama aliyelazwa. Kazi za wanachama zinapowadia, muadhini wa jirani ameshaanza kusafisha koo. Uhakiki wenyewe tunaufanyia kwenye mengineyo.

Nao una kanuni zake ambazo hazimo katika katiba. Msemaji wa kwanza huanza na “kama walivyotangulia kusema wenzangu”, ingawa hajatangulia mtu. Anayesema “mimi sina mengi” ndiye wa kuogopwa. Huyo mtandikie mkeka kabisa. Sifa nazo zina kipimo: hongera mbili kwa kijana, tatu kwa mtu mzima, na kwa mzee hongera zisizo na idadi. Baada ya sifa ndipo inapokuja “ila”. Mwandishi mzoefu hazisikilizi hongera, anaisubiri ila. Bahati mbaya ila yetu ikishafika huwa imebeba kitu chepesi mno: “Ila pale ukurasa wa tatu, ndugu mwandishi, mkato umekosekana.”

Wakati mwingine adabu inaanza kwa mwandishi mwenyewe. Kijana wetu mmoja wa riwaya za mapenzi aliamua kutusomea sura aliyoisifia wiki nzima kwenye WhatsApp. Hakuwa amepiga hesabu kwamba darasani watakuwemo mama zake watatu wa mtaa mmoja. Alifika pahala wahusika wanaingia chumbani, akakohoa, akafunua karatasi mbili kwa pamoja, akaendelea: “Asubuhi yake mvua ilinyesha.” Kimya. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye msomi wetu, akasema ameupenda ufupisho. Akatukumbusha kwamba *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilikuja kuzuiwa shuleni, na yeye alikuwa mwanafunzi enzi hizo. Amri ilitangazwa Jumatatu, kufika Ijumaa darasa lao zima lilikuwa limeshaisoma. Kijana akauliza kama kikundi hakiwezi kumsaidia kupata marufuku kama hiyo.

Sisi watu wa Tanga tuna mzigo wa ziada. Shaaban Robert alizaliwa huku kwetu, Vibambani, mwaka 1909, na tangu nijiunge na kikundi sijakutana na mwanachama ambaye hana udugu naye kwa upande mmoja au mwingine. Aliwahi kuwa karani wa forodha miaka mingi. Kwa sababu hiyo mwenzetu anayefanya kazi bandarini haoni haja ya kuhaririwa.

Sasa nije kwenye yaliyonikuta. Zamu yangu ilipofika nilipeleka hadithi ya kijana anayekwenda kwa tajiri wa shamba la mkonge kudai haki za marehemu baba yake. Inaanza asubuhi, kijana anavaa. Anavaa kwa kurasa tatu, maana nilitaka msomaji aionje ile kanzu, historia yake, na pasi ya mkaa iliyoinyoosha. Nikaiacha steshenari moja ya karibu na stendi itolewe nakala za kila mwanachama. Mtoto wa pale akazitoa vizuri kabisa, akazipanga mezani, halafu umeme ukakatika, na uliporudi, feni ikarudi nao. Karatasi zikaruka. Mtoto mwenye adabu zake akaziokota zote, hakupoteza hata moja, akazigawa kwa unene na kuzibana kwa stepla.

Kila nakala, kwa hiyo, ilikuwa na mpangilio wake. Nililigundua hilo kikao kikiwa kimeshafika kwenye mengineyo na Mwalimu ameshasimama. Katika nakala yake kijana anarudi nyumbani kabla hajatoka. Mwalimu akapongeza matumizi ya kisengere nyuma, akasema ni nadra kukiona kikitumika kwa ukatili kiasi hiki. Katibu akaunga mkono. Katika ya kwake tajiri anazikwa ukurasa wa pili na kutia saini hundi ukurasa wa sita, jambo ambalo alilitambua mara moja kuwa ni uhalisia mazingaombwe, akainasibisha hadithi yangu na *Nagona* ya Kezilahabi ya mwaka 1990. Mama Nesi, muuguzi mstaafu, alipata kurasa mbili za nne na hakupata mwisho. Akasema taharuki ile imemnyima raha. Wakaendelea kukubaliana hivyo, kila mmoja na hadithi yake mkononi, “kama walivyotangulia kusema wenzangu,” na hakuna aliyethubutu kuuliza mbona haelewi kitu. Nikajikuta nimepandishwa daraja na feni. Kusahihisha ningeweza, lakini Mwenyekiti alikuwa anapiga makofi, na mtu akikupigia makofi kutoka kwenye kiti kile ujue amejitolea.

Viongozi waliona kikundi kinahitaji msaada wa nje, wakaandaa warsha. Akaletwa mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye kompyuta ya mpakato na fulana iliyoandikwa neno “Simulia”. Mahudhurio yalivunja rekodi. Walikuja hadi wanachama tuliodhani wamehamia Muheza, kwa kuwa tangazo lilitaja nauli, chai na vitafunwa. Mwezeshaji alitufundisha mengi, lakini lililotuingia lilikuwa moja: onyesha, usieleze. Usiandike kwamba mtu ana huzuni, akasema. Onyesha mwili wake unafanya nini.

Tukaonyesha. Kikao kilichofuata zilisomwa hadithi nne, na katika hadithi hizo nne hakuna mtu aliyekuwa na furaha wala hofu wala hasira. Wote walitokwa jasho. Mikono iliwatetemeka, midomo iliwakauka, macho yaliwawia mekundu, na magoti yakagongana kutoka kichwa cha habari hadi nukta ya mwisho. Mama Nesi alisikiliza yote kwa subira, kisha akanyoosha kidole. “Mimi sina mengi,” akasema. “Hawa watu wameshapimwa malaria?”

Huo ndio ulikuwa uhakiki wa kwanza wa kweli katika historia ya kikundi, na uliwaudhi watu wanne kwa mpigo. Vyeti vya warsha viligawiwa siku hiyo hiyo kutuliza hali. Changu kina jina la mtu nisiyemjua, natumaini naye anafaidi changu.

Kulikuwa na kundi moja tu ambalo halikuhitaji kufundishwa kukosoana, nalo ni washairi. Mzee wetu, ambaye sote twamwita Malenga, huhesabu mizani kwa tasbihi. Binti yetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, akisoma shairi huru, ile tasbihi inasimama. “Mwanangu, umemaliza kusoma au umepumzika?” Binti naye hujibu kwa heshima zote: “Shikamoo babu, nimemaliza tangu jana.” Malenga ana nakala yake ya *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954, anaitembeza ndani ya mfuko wa nailoni. Binti ana *Kichomi* ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Vita vyao vilianza kabla binti hajazaliwa, amevirithi tu, na wanavipigana kila Jumamosi bila kuchoka. Kikao kikiisha ndiye anayembebea babu mfuko mpaka barabarani.

Mwalimu akauliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa tunalo: mbona hawa wanaambiana ukweli na hawanuniani, ilhali sisi wa nathari tukiambiwa mkato umekosekana tunakosa usingizi?

Malenga akajikohoza. Akasema hilo halina ajabu, ushairi wetu umekua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji yenyewe inapigana. *Mambo Leo*, lile gazeti lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo mtu wa Pangani akiuliza neno, wa Tabora anamjibu, na wa Unguja anawakosoa wote wawili mwezi unaofuata. “Ubeti una vina na mizani,” akasema. “Ukimkosoa mtu kwa ubeti, anakwenda kwanza kuhesabu. Akimaliza kuhesabu, hasira imepoa. Na akikuta mizani imetimia, atakuchukiaje?”

Akatoa hoja: kuanzia sasa atakayetaka kukosoa hadithi ya mwenzake aikosoe kwa shairi. Hoja ikapita kwa sauti moja, hasa kwa kuwa kila mtu alidhani itamzuia jirani yake. Binti wa shairi huru ndiye pekee aliyepinga, akaandikwa kwenye kumbukumbu.

Matokeo hatukuyatarajia. Watu waliokaa miaka wakisema “hongera, kazi nzuri” wakageuka simba. Kilichokuwa kinawabana kumbe ni kusema wazi. Walipopewa fumbo, walisema kila kitu. Mwenzetu wa bandarini aliambiwa kwa beti tano kwamba mzigo wake una makaratasi mengi kuliko bidhaa, akacheka, akaomba nakala. Kijana wa mapenzi alitungiwa ubeti kuhusu mvua inayonyesha kila mlango unapofungwa. Hata Katibu, mtu wa barua na mihuri, alijaribu kuandika udhuru wa waliokosa kikao kwa mizani kumi na sita, tukamwomba asirudie.

Waliobadilika zaidi ni wenye ndoto ya Tuzo ya Safal-Cornell, ile ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hawa zamani walikuwa wanaficha miswada wasije wakaibiwa. Sasa wanaileta wenyewe itukanwe mapema, ili waamuzi wasiwe wa kwanza. Mama Nesi aliposikia kwamba miongoni mwa wafadhili walikuwemo watengenezaji wa mabati, aliuliza kama mshindi anaezekewa nyumba. Alipoambiwa ni fedha, alisikitika kidogo, maana upande wake wa jikoni unavuja.

Nami sikusalimika. Nilichapisha upya hadithi yangu ya kijana na kanzu, nikaipanga kurasa kwa mkono wangu mwenyewe, nikaigawa. Kwa mara ya kwanza wote wakasoma hadithi moja. Hakikutajwa tena kisengere nyuma wala *Nagona*. Mama Nesi, ambaye hajawahi kutunga maishani mwake, alifungua pochi, akatoa karatasi ya dawa iliyokunjwa mara nne, akasoma:

Nimengoja ukumbini, chai sasa imepoa,
Jua limezama pwani, shujaa bado avaa,
Atatoka saa gani? Nami hapa nasinzia,
Mtoe basi jamani, watu kwao warejea.

Darasa likaripuka. Mwenyekiti alicheka mpaka akatoka kwenye kiti bila msaada. Mimi nilibaki nimejikunja palepale chini ya bata, nahesabu kwa vidole. Nane, nane. Nane, nane. Nilirudia mstari wa pili nikitumaini angalau mizani moja imepungua, nikamtupia jicho Malenga aniokoe. Alikuwa amefumba macho, tasbihi inakwenda vizuri kabisa.

Kwa sheria zetu nina haki ya kujibu, na jibu nimekwisha kulianza. Vina viko tayari, hoja ninayo: mtu wa Tanga hatoki nyumbani kwenda kudai haki ya baba yake na kanzu isiyopigwa pasi, msomaji asinzie asisinzie. Mkaa nao, Mama Nesi anajua, hauwaki kwa ukurasa mmoja.