Sifa za Bwana Mvujo

Majemadari wamesifiwa, maharusi wamesifiwa, hata pilau ina watu wake wa kuiimbia. Mimi leo namsifu mpangaji wangu wa chumba cha chini hapa Minneapolis, Bwana Mvujo, ambaye halipi kodi wala haombi chakula, na kwa siku tisa ameumaliza mtungi wangu wa gesi.

Makazi yake ni ya heshima. Kuna kegi ya chuma ya lita 19, ya aina iliyotengenezwa kubebea shira ya soda kabla wapika bia wa majumbani hawajaiokota. Kuna mtungi wa hewa ya ukaa wa ratili 5, regaleta yenye geji mbili, na mipira miwili: mmoja unaingiza gesi, mwingine unatoa bia. Tangu Rais Carter atie saini mwaka 1978, sheria ya Marekani inairuhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 za bia kwa mwaka bila kodi. Gesi haikuwekewa kikomo, na Bwana Mvujo anaijua sheria.

Adabu yake sijaiona kwa mgeni mwingine. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikitoroka pua ijue. Hewa ya ukaa haina harufu, nayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hujilaza chini kimya. Ndiyo maana mlango wa chumba kile siufungi. Mtungi kama ule hutosha kegi kama sita. Wangu ulitosha moja.

Tena ana msiri wake, geji ya mtungi. Gesi mle ndani imeshindiliwa mpaka ikawa maji, na maadamu maji hayo yapo, mshale hausogei. Jumatatu ulikuwa palepale, Alhamisi palepale, Jumamosi asubuhi sifuri. Mwingine ninayemjua kwa taarifa za namna hii ni mweka hazina wa kamati ya harusi: tuko vizuri, tuko vizuri, mpaka siku ya kulipia ukumbi.

Amenirudishia na utoto. Kule Kibosho fundi baiskeli alikuwa akizamisha tyubu kwenye karai la maji na sisi watoto tukiinama kutafuta pancha. Sasa nina mvi, nimepiga magoti sakafuni na chupa ya maji ya sabuni, napulizia mfuniko, vali na kila kiungo cha mpira. Kwenye kichwa cha kegi nikaona povu. Nikabadilisha kimpira cha duara, nikakipaka mafuta, nikafunga mtungi usiku na kwenda kulala kama mshindi. Asubuhi geji ya pili imeshuka. Nilimtukana Bwana Mvujo matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kwa mara ile hakuwa na kosa: bia ya baridi ilikuwa bado inakunywa gesi iliyokuwamo kwenye kegi. Namwomba radhi.

Nikampigia mama simu, mpika pombe ya mbege wa miaka mingi.

"Kwa hiyo povu unalinunua?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na bado linakukimbia?"

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mbege yake haijawahi kuhitaji spana, akaniulizia wajukuu.

Bwana Mvujo nilimpata Jumapili, mtungi wa pili ukiwa umekwisha nusu. Huo nimeupima kwa mizani ya bafuni, maana geji siiamini tena. Chini ya nati inayoshika regaleta na mtungi kuna washa ya plastiki, nyeupe, pana kama kifungo cha shati. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, na kadiri nilivyokaza spana ndivyo nilivyozidi kuiponda. Pale ukingoni palitokea kiputo kidogo kama punje ya ulezi. Kikavimba taratibu, kikang'aa chini ya tochi, kikapasuka, na kingine kikazaliwa palepale. Nilikitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi kesho yake.

Washa mpya haifiki dola moja. Nimenunua kumi.