Hiyo Asilimia 90 Iko Upande Gani?

Nimechoka kuambiwa kwamba asilimia 90 ya ubongo wangu imekaa bure. Ingekuwa kweli, kwa maisha yalivyo hapa Dar es Salaam, ningeshaipangisha zamani, kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Lakini watu hawatuachi tupumue. Ukienda semina ya ujasiriamali, mhamasishaji kavaa suti ya kubana, maiki imemganda shavuni, na kabla chai haijapoa ameshauliza: "Binadamu wa kawaida anatumia asilimia ngapi ya ubongo?" Ukumbi mzima unaitikia: "Kumiii!" Yeye, anasema, amekwisha kuifungua tisini yake. Sisi tutafungua ya kwetu kwa kununua kitabu chake pale mlangoni, bei ya ofa, leo tu. Kijana anayekiuza alikuwa anabishana na mama mmoja kuhusu chenji ya elfu kumi. Alihesabu, akakosea, akahesabu tena, akakosea kwingine. Sijui kwa nini hawakumpa hata nakala moja ya bure.

Nyumbani nako hakuna nafuu, maana shemeji yangu ni muumini. "Shemeji, Einstein mwenyewe alisema!" Maskini Einstein, anasingiziwa kila kitu. Hakuna mahali palipopatikana alipoyasema hayo.

Anayestahili kulaumiwa kidogo ni William James, mwanasaikolojia wa Harvard, ambaye mwaka 1907 aliandika kwamba tunatumia sehemu ndogo tu ya uwezo tulionao wa akili na mwili. Basi. Hakutaja asilimia. Hata mama yangu alikuwa akiniambia hivyohivyo kila ripoti ya shule ilipofika, na hakuna aliyemfanyia semina. Ilipofika 1936, mwanahabari Lowell Thomas akaandika utangulizi wa kile kitabu cha Dale Carnegie cha kupata marafiki na kushawishi watu, akamtaja James na kumlisha hiyo asilimia 10. Kitabu kikauzwa kwa mamilioni. Mpaka leo utakikuta kimetandazwa juu ya turubai kando ya barabara, kina vumbi, na bado kinatafuta marafiki.

Halafu mwaka 2014 ikaja filamu ya Lucy, ya Mfaransa Luc Besson, ambamo Morgan Freeman ni profesa anayefundisha habari hizohizo. Kwa sauti ile, nani atanyoosha kidole abishe? Kwenye banda la video mtaani kwetu mtafsiri aliona asilimia 10 ni nyingi, akatupunguzia: "Sisi Wabongo, tano!" Watu wakapiga makofi.

Sasa tuulizane taratibu. Ubongo una uzito wa kama kilo moja na nusu kasoro, yaani asilimia 2 hivi ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili, mchana na usiku, hata umelala unakoroma. Ukipiga hesabu ya umeme ni wati 20 hivi, karibu nusu uniti ya LUKU kila siku. Mwili gani wenye akili timamu ungekubali kulipa bili hiyo kwa vyumba kumi huku tisa havina mtu?

Wataalamu wenyewe hawajakaa kubahatisha. Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake waliyeyusha ubongo wa marehemu mpaka ukawa supu (si ile ya kula na chapati), wakahesabu, na mwaka 2009 wakatangaza: seli za neva kama bilioni 86. Hawakukuta ghala la zile zisizo na kazi. Ni kweli haziwaki zote kwa mara moja, na tushukuru, maana kundi kubwa la seli likifyatuka kwa pamoja ovyo, hicho ni kifafa, si kipaji.

Na kiharusi je? Mzee mmoja jirani yangu, fundi cherehani, damu iliganda kwenye kimshipa kidogo tu. Anauchukua mkasi, anakata kitambaa, mstari umenyooka kama zamani. Mwulize anachoshika kinaitwaje: anakutazama, midomo inacheza, neno haliji. Mwaka 1861 kule Paris daktari Paul Broca alikuwa na mgonjwa aliyeweza kutamka "tan" tu. Alipofariki wakakuta jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Sijasikia daktari akimwambia mgonjwa wa namna hiyo: hongera, limepita kwenye ile tisini.

Kwa hiyo ubongo wangu natumia wote, na hapo ndipo ninapoogopa. Ninapotumwa gengeni nyanya, vitunguu, hoho na dagaa, nikarudi na nyanya tu huku muuza genge ananidai, hiyo ni kazi ya bilioni 86 nzima, hakuna aliyekuwa likizo. Kikosi cha Simba kilichofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 nakutajia hadi wa akiba, na yale mabao mawili ya Stella Abidjan hapahapa nyumbani bado yananichoma. Lakini namba yangu ya NIDA siijui, na neno la siri la simu nimeliandika nyuma ya simu yenyewe.

Haya yote nilimweleza shemeji Jumapili, tukila pilau ya dada yake. Alisikiliza kwa upole, akala, akanawa, akaniangalia kwa huruma. Kisha akaniomba elfu hamsini ya semina ya ngazi ya pili. Ile ya kwanza, anasema, imemfikisha asilimia 14.