Sifa za Deni la Mbege

Wahenga waliosema dawa ya deni ni kulipa hawakuwahi kukaa kwenye benchi la kilabu cha mbege Kilimanjaro, siku ya Jumanne, mfukoni mna funguo tu. Walilifanya deni ugonjwa. Wakaongeza na lile la kukopa harusi, kulipa matanga, tukakaririshwa tangu shule ya msingi, na hakuna aliyejitokeza kulitetea. Acha nilitetee mimi. Bila deni, vilabu hivi ambavyo mama mkwe humwachia mkaza mwana visingefika kizazi cha pili.

Chanzo ni mbege yenyewe. Ndizi mbivu za kihambani huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa, ndipo ukaingia uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewe, yenye ule uchungu ambao mzee asipouonja hulalamika kuwa amepewa juisi. Ikilala usiku mmoja, asubuhi inatoa povu. Tangu hapo haina subira: leo tamu, kesho kali, keshokutwa umwagie migomba. Bia ya chupa inaweza kumngoja mnywaji hadi apate hela. Mama mwenye pipa lililojaa na wateja wasio na senti hana budi kuchagua kumwaga au kuandika. Anaandika.

Na hela yenyewe mlimani ilikuja kwa msimu, kama mvua. Ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ulikusanya kahawa ya wakulima na kuwalipa. Kiu haikujua kalenda ya ushirika. Kata zilizonywewa wakati wa masika zilisubiri kahawa ikomae, ichumwe, ikaushwe, ipimwe. Ni benki gani ingemvumilia mtu kiasi hicho kwa dhamana ya aibu peke yake?

Katika kilabu kimoja nikijuacho, mama mkwe hakujua kusoma. Alichora mistari ya mkaa ukutani, nyuma ya mlango, kila mteja na fungu lake. Krismasi ilipokaribia na nyumba ikahitaji chokaa, walijitokeza wanaume wazima kupaka bure, wakianzia nyuma ya mlango. Mkaza mwana alipopokea usukani akanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo hamna majina kamili. Mna Baba Nanihii, mna Fundi Redio, mna "yule wa Uru mwenye mbuzi".

Msiniambie deni lilimfukarisha. Wangemlipa kila jioni, zile shilingi zingeishia kwenye sukari na mafuta ya taa. Kwa kuwa hawakulipa, zilijikusanya zenyewe hadi Januari, shule zinapofunguliwa, naye akapita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani kukusanya karo. Walevi wa kijiji walisomesha watoto wa watu bila kujua, na wengine bila kupenda. Leseni ya pombe, bila shaka, hulipwa taslimu. Muuza ulezi naye hakopeshi. Ni mtu mkavu huyo, tumwache.

Siku hizi simu nayo imejifunza kukopesha, lakini haina adabu. Hela ikigusa tu akaunti, imeshakatwa, hata hujaulizwa habari za nyumbani. Deni la mbege hukuamkia kwanza. Hukuuliza mke anaendeleaje, ng'ombe amezaa? Ndipo likanyamaza kidogo, ukaelewa.

Adabu hiyo huonekana zaidi msibani. Msemaji wa familia anaposimama kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, mama wa kilabu, ambaye ana kurasa mbili nzima za marehemu, hutazama chini na kurekebisha khanga. Watu husifu utu wake. Utu upo, ila na hesabu ipo. Mlimani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na daftari, kama nilivyosema, halina majina kamili. Ukurasa hauchanwi. Kijana akitimiza umri, akaja kilabuni kifua mbele kuagiza kata yake ya kwanza, anaulizwa jina, daftari linafunguliwa, na anakuta anadaiwa tangu kabla hajazaliwa.